Harufu ya dagaa iliyotoka kwenye kompyuta

Aliyeisikia harufu kwanza ni mtoto wa mwisho, binti wa darasa la tatu. Ilikuwa jioni ya mwezi Septemba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya meza ya kompyuta akifanya hesabu alizopewa shuleni, mama yake akipanga karatasi kwenye rafu.

"Mama, hapa pananuka dagaa."

Dagaa walikuwepo nyumbani, kama ilivyo kwa nyumba nyingi. Mama alikwenda jikoni, akafungua kopo, akanusa, hakuwaamini, akawamwagia kuku. Akadeki sakafu mpaka chini ya kabati. Kesho yake jioni mtoto akarudia maneno yale yale.

"Acha kunitafutia kazi," mama akamwambia. "Maliza hesabu zako."

Mtoto akanyamaza, na hakulisema tena jambo hilo.

Familia hiyo inaishi Kikatiti, katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru, hatua chache kutoka barabara kuu ya Arusha–Moshi. Baba ni fundi pikipiki, na kazi yake anaifanyia chini ya mti kando ya barabara. Mama amegeuza chumba cha mbele cha nyumba kuwa stesheneri: kompyuta moja ya mezani, printa, mashine ya kutoa kopi na rafu ya madaftari. Kompyuta waliinunua ikiwa imeshatumika. Mchana mama huchapa mitihani ya walimu, barua za maombi ya kazi na kadi za michango ya harusi. Usiku, mlango wa duka ukishafungwa, meza inakuwa ya kijana wao mkubwa wa kidato cha nne. Anapitia mitihani ya miaka iliyopita na kuangalia video za masomo, maana Novemba ni mtihani wa taifa.

Kwa hiyo mashine ile haikuwa pambo. Wiki ambazo pikipiki hazikuharibika kwa wingi, unga, michango ya shule na umeme wa LUKU vilitoka kwenye meza ile.

Mwanzoni mwa Oktoba kompyuta ilianza kuzima yenyewe. Haikuonya wala kuandika chochote kwenye skrini. Kioo kilikuwa cheusi ghafla, feni zikasimama. Ukisubiri kidogo, inakubali kuwaka tena. Mama akadhani ni umeme wa TANESCO unaoyumba, lakini taa ya chumbani ilikuwa inawaka vizuri muda wote. Akadhani ni soketi ya ukutani, akahamishia waya kwenye soketi nyingine. Ikazima tena. Akabadilisha ekstensheni. Ikazima vile vile.

Usiku mmoja baba alirudi na kukuta jambo lililomkasirisha. Kifuniko cha ubavuni cha kompyuta kilikuwa kimefunguliwa, na kijana ameweka feni ya mezani ikipuliza ndani ya mashine. Baba hakuuliza swali.

"Kumbe ndiyo unayoichokonoa! Unacheza magemu usiku kucha mpaka mashine inachemka, halafu unaifungua!"

"Baba, sichezi..."

"Nyamaza."

Baba akachukua ufunguo wa chumba cha mbele, akautia mfukoni. Kuanzia usiku huo kijana alisomea jikoni, kwa daftari peke yake.

Siku nne baadaye, bila kijana kuigusa, kompyuta ilikataa kabisa. Mama alibonyeza kitufe cha kuwasha, feni zikazunguka kwa nusu sekunde, zikasimama. Akabonyeza tena, ikawa vile vile. Mezani palikuwa na mitihani ya kufunga mwaka ya shule mbili, imeandikwa kwa mkono, na walimu walikuwa wameahidiwa kuichukua Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mama ndiye aliyeamua. "Baba watoto, ipeleke Usa River kwa yule fundi kijana. Na umchukue huyu mtoto."

"Huyu wa nini?"

"Ndiye anayekaa nayo usiku. Wewe huijui inavyozima."

Wakaifunga kompyuta kwa blanketi. Kijana akakaa nyuma ya pikipiki ameipakata mapajani, wakashika barabara kuelekea Usa River kupitia Maji ya Chai. Njia nzima hawakuzungumza.

Fundi alikuwa kijana mwenye meza moja ndefu, taa ya kuinamia na makopo ya skrubu. "Shikamoo mzee," alisema. Baba akaitikia, akaiweka mashine mezani na kutoa hukumu aliyokuja nayo: "Imeunguzwa na magemu."

Fundi hakuigusa kwanza. Aliuliza swali ambalo hospitalini daktari makini huanza nalo kabla ya kushika kifaa chochote.

"Nani anakaa nayo muda mrefu?"

Kijana akainua mkono, kama yuko darasani.

"Ilikuwa inazima baada ya muda gani?"

"Nikifungua video za masomo, kama dakika 20. Nikiandika tu, inaenda hata saa nzima."

"Ikizima, inawaka tena hapo hapo?"

"Hapana. Mpaka ipoe. Ndiyo maana niliiwekea feni."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Majibu hayo yalikuwa yameshamwambia jambo kubwa. Kompyuta inayozima inapofanya kazi nzito, ikadumu inapofanya kazi nyepesi, na kukubali kuwaka ikishapoa, ina mahali panapopata joto kupita kiasi. Kilichobaki kilikuwa kupatafuta mahali hapo.

"Kuna harufu yoyote mliyoisikia?"

Kijana akamtazama baba yake, akainamisha macho. "Ipo. Tangu mwezi wa tisa. Kama dagaa."

"Na kwa nini hukusema?" baba akauliza.

"Mdogo wangu alisema."

Baba akanyamaza. Kijana akaongeza, kwa sauti ya chini: "Na ile printa nilisema mimi, baba."

Habari ya printa ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Kijana alikuta trei ya karatasi imevunjika, akaenda kutoa taarifa. Kwa sababu yeye ndiye aliyeleta habari, yeye ndiye aliyebebeshwa kosa, akakaa mwezi mzima bila kuruhusiwa kugusa kompyuta. Baadaye ikajulikana kuwa mteja ndiye aliyeivuta trei kwa nguvu. Hakuna aliyerudi kumwambia kijana lolote. Toka hapo alijifunza kwamba ndani ya nyumba ile, anayeona tatizo kwanza ndiye mwenye tatizo.

Fundi alihakikisha waya wa umeme umechomolewa, akabonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha akafungua kifuniko. Akamulika kwa tochi. Akainama, akanusa.

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna sanduku la chuma ambalo mafundi huliita pawasaplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugawa katika volti ndogo ambazo mashine inaweza kuzitumia. Kutoka kwenye sanduku hilo hutoka nyaya za rangi mbalimbali, na kila rangi ina maana: njano ni volti 12, nyekundu volti 5, rangi ya chungwa volti 3.3, na nyeusi ni njia ya kurudia. Nyaya hizo huishia kwenye vichwa vya plastiki vyenye matundu, yaani konekta, ambavyo huchomekwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, mazabodi.

Fundi alianza kuvitoa vichwa hivyo kimoja kimoja. Kile kikubwa cha nyaya 24 kilitoka bila shida. Vile vya diski vikatoka. Akafika kwenye kichwa kidogo cha nyaya nne kilicho jirani na prosesa, nyaya mbili za njano na mbili nyeusi. Hicho kilikataa. Alikishika, akakitikisa taratibu kushoto na kulia, mpaka kikaachia kwa mlio wa plastiki inayobanduka.

Akakileta chini ya taa. Matundu matatu yalikuwa meupe. La nne, la waya mmoja wa njano, lilikuwa limegeuka kahawia, kingo zake zimeyeyuka, na chuma cha ndani kimekuwa cheusi. Ganda la waya huo lilikuwa limekauka na kukakamaa kama kamba iliyokaa juani.

Baba aliangalia, akasema bila kufikiri sana: "Limekuwa kama meno yetu."

Wote watatu wakacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Watu wa Kikatiti, Maji ya Chai na vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru wanaifahamu rangi hiyo. Maji ya huku yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na vyanzo vingi vya eneo hili huzidi hapo. Anayeyanywa tangu utotoni, meno yake ya ukubwani yanapokuwa bado yanajengeka ndani ya fizi, huota nayo yakiwa na madoa ya kahawia. Maji yenyewe yanaonekana masafi. Mtu huiona rangi miaka mingi baada ya jambo lenyewe kutokea.

"Hata hili," fundi akasema, "halikuungua juzi lilipozima. Limekuwa likiungua kidogo kidogo. Kuna mtu aliifungua mashine hii karibuni, kabla ya mwezi wa tisa au mwanzoni mwake?"

Kimya kikapita. Baba alijikohoza.

"Niliisafisha mimi. Vumbi lilikuwa limejaa."

Ilikuwa kweli. Kiangazi cha Kikatiti kina vumbi jepesi linaloingia kila mahali, na mashine iliyo karibu na barabara hulivuta kwa feni mchana kutwa. Baba, mtu wa kazi za mikono, aliifungua kompyuta Jumapili moja mwanzoni mwa Septemba, akaipuliza kwa upepo wa kujazia matairi na kuisugua kwa brashi. Ili brashi ifike vizuri kwenye feni ya prosesa, alichomoa kile kichwa cha nyaya nne. Alipomaliza alikirudisha, akawasha, mashine ikawaka, akaridhika. Familia nzima ilimshukuru siku hiyo.

Fundi alimwonyesha kikucha kidogo cha plastiki ubavuni mwa konekta. "Hiki lazima kishike, mzee. Kikishika kinalia *ka*. Hiki hakikushika. Kichwa kiliingia nusu, kama mlango uliorudishwa bila komeo."

"Lakini iliwaka."

"Iliwaka, ndiyo. Wewe kazi yako ni nini, mzee?"

"Pikipiki."

"Pikipiki ikija na betri ambayo nati yake haijakazwa, inakuwaje?"

Baba alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Inawaka, inazima. Ile terminali inapata moto mpaka plastiki inayeyuka."

"Na fyuzi?"

"Fyuzi haikatiki. Nimeona mara nyingi, fyuzi nzima na terminali imeungua."

Aliposikia jibu lake mwenyewe, akaacha kuongea. Akavuta stuli, akakaa.

Jambo lenyewe ni rahisi likielezwa taratibu. Umeme unapopita kwenye chuma kilichogusana vizuri na chuma kingine, hupita kwa ulaini. Mguso ukiwa hafifu, umeme hulazimika kupita mahali pembamba, na mahali pembamba hupata joto. Prosesa ikifanya kazi nzito inaweza kula wati 70 hivi. Kwa volti 12, hizo ni karibu ampia 6, ambazo nyaya mbili za njano hugawana. Mguso wa mmoja ukiharibika, mzigo hauendi sawa tena. Upinzani wa omu 0.1 tu, ukipitiwa na ampia 6, huzaa joto la wati 3.6. Kwenye taa, wati hizo ni mwanga mdogo wa usiku. Kwenye pini yenye unene wa njiti ya kiberiti, iliyofungiwa ndani ya plastiki, joto hilo halina pa kwenda.

Kisha tatizo hujilisha lenyewe. Joto hulegeza chuma kinachobana pini, na chuma kilichopata joto hupata kutu nyembamba. Mguso unazidi kuwa hafifu, joto linaongezeka, na plastiki inaanza kulainika. Plastiki za vifaa vya umeme zikipashwa joto kupita kiasi, mara nyingine hutoa harufu inayofanana kabisa na ya samaki. Mtoto wa darasa la tatu hakukosea hata kidogo.

Na kwa nini swichi kuu ya nyumba haikukata? Kwa sababu swichi na fyuzi hupima wingi wa umeme unaopita, hazinusi wala hazipimi joto la konekta. Kompyuta inayokula wati 100 huvuta chini ya nusu ampia kutoka ukutani. Fyuzi ya plagi yake ni ya ampia 13. Kwa upande wa fyuzi, mambo yote yalikuwa shwari. Katika nyumba ile, kifaa pekee kilichokuwa kinapima tatizo lile kilikuwa pua ya mtoto.

Baba alitaka jambo liishe haraka. "Si ukate hicho kichwa, usokote waya, ufunge soletepu?"

"Hapana, mzee. Hiyo ndiyo nati isiyokazwa, nitakuwa nimeirudisha tena."

Kwanza fundi alitaka kujua kama pawasaplai yenyewe ni nzima. Sanduku lake hakulifungua. Ndani mna kapasita zinazoweza kushika umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na hapo si mahali pa mikono ya mzazi wala ya mtoto. Aliliwasha likiwa limetenganishwa na mazabodi, akapima kwa multimita. Waya wa njano ulisoma volti 12.1, na kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Mwekundu ulisoma 5. Pawasaplai ilikuwa nzima.

Ndipo akageukia kazi yenyewe, na hapa ndipo mafundi wa haraka hukosea. Kilichoungua kilikuwa na pande mbili: kichwa cha nyaya na soketi yake iliyo juu ya mazabodi. Ukibadilisha upande mmoja ukauacha mwingine, upande ulioungua utaharibu ule mpya, kwa sababu pini nyeusi iliyochakaa haiwezi kugusana vizuri hata na konekta iliyotoka dukani leo. Alichukua mazabodi mbovu kutoka kwenye sanduku lake la vipuri, akaing'oa soketi nzima kwa chuma cha kulehemu, akaihamishia kwenye mazabodi ya familia. Upande wa nyaya, alikata waya ulioungua hadi alipofika kwenye shaba inayong'aa, akabana pini mpya kwa koleo lake maalumu, akaziingiza kwenye kichwa kipya moja moja, akivuta kila waya kuhakikisha hautoki.

Kijana alisimama karibu muda wote akimshikia tochi. Fundi alimwuliza anasoma masomo gani, akajibu fizikia ni mojawapo. "Basi hii ndiyo fizikia," fundi akasema. "Ukiulizwa habari za upinzani, ikumbuke hii."

Kazi ilipokwisha, fundi hakukichomeka kichwa yeye mwenyewe. Alimkabidhi baba.

Baba akakishika kwa vidole vyake vyenye mafuta ya pikipiki, akakilenga, akasukuma. Kikaingia. Akasimama hapo.

"Bado, mzee."

Akasukuma tena kwa nguvu kidogo. *Ka*.

Waliiwasha, ikawaka. Fundi akaiachia video na kazi nzito kwa nusu saa, kila baada ya muda akigusa ganda la zile nyaya nne kwa kidole. Lilikuwa na uvuguvugu tu. Akamwambia kijana aguse, akagusa. Akamwambia baba, naye akagusa. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ile ambayo baba alikuwa amejiandaa kulipa, maana alikuwa amekuja akidhani anahitaji kompyuta nyingine.

Wakati wa kurudi, baba alisimamisha pikipiki Maji ya Chai, akanunua soda mbili na ndizi za kuchoma. Walikula wamesimama. Baba alikuwa akitazama magari. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa chumba cha mbele, akampa kijana.

"Nilikuonea," alisema. "Na ile ya printa pia."

Kijana hakujua aseme nini. Akasema, "Sawa, baba." Akaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

Nyumbani baba hakuishia hapo. Wakati wa chakula cha jioni, mbele ya mama na mtoto mdogo, alieleza kilichoharibika na nani aliyekiharibu. Kwa wazazi wengi, maneno hayo ni magumu kutoka. Tunawafundisha watoto kusema samahani tangu wakiwa wadogo, ila wengi wao hawajawahi kutusikia tukiwaambia wao. Mama naye alimgeukia binti yake: "Na wewe nisamehe, mwanangu. Uliniambia mara mbili."

"Na dagaa umewapa kuku," mtoto akasema.

Yapo mambo ambayo kila nyumba yenye kompyuta, friji au hata chaja za simu inaweza kuyachukua kutoka Kikatiti. Harufu ya samaki au ya plastiki isiyo na chanzo jikoni ni sababu ya kuzima na kuchomoa vifaa, kisha kuvikagua kimoja kimoja: plagi iliyogeuka kahawia, soketi ya moto ukiigusa, waya uliokakamaa. Kifaa kinachozima chenyewe na kukubali kikipoa kisilazimishwe. Moshi ukionekana, kata umeme kwenye swichi kuu kama unaweza kuifikia kwa usalama, usimwage maji kwenye kifaa chenye umeme, watoe watoto nje, na piga simu 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Moshi wa plastiki huwasha macho na koo na ni hatari zaidi kwa mtoto mwenye pumu, hivyo mtoto asirudishwe kulala katika chumba hicho kabla hewa haijabadilika. Na ukisafisha mashine mwenyewe, kila kichwa ulichokichomoa kirudishe mpaka ukisikie kimeshika.

Hayo ni ya umeme. La nyumba ni gumu kidogo. Wiki tatu harufu ilikuwa ndani ya chumba ambamo watoto wawili walikuwa wakikaa kila siku, na wote wawili waliisikia. Mmoja alisema akaambiwa anatafuta kazi. Mwingine alinyamaza kwa sababu alishajua malipo ya kusema. Kama ile plastiki ingeshika moto usiku wa manane, hakuna ambaye angesema watoto hawakujua. Swali la kwanza la mzazi likiwa "nani kafanya?", mtoto hujifunza kuficha. Likiwa "umeona nini?", hujifunza kuleta habari mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa.

Mitihani ya walimu ilichapwa Jumatano na Alhamisi, kijana akimsaidia mama yake kusoma mwandiko. Ijumaa asubuhi walimu waliichukua.

Wiki mbili baadaye, saa 1 jioni, binti wa darasa la tatu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Kuna harufu ya dagaa."

Mama aliacha alichokuwa anafanya. Kijana akazima kompyuta, baba akatoka chumbani miguu mitupu akaichomoa ukutani. Wakainama wote juu ya mashine, wakanusa. Wakanusa printa. Wakanusa ekstensheni. Baba akagusa soketi kwa mgongo wa mkono, ilikuwa ya baridi. Mwishowe mama akafungua dirisha. Kwa jirani, jikoni, dagaa walikuwa wakikaangwa na nyanya na vitunguu.

Kijana alianza kumcheka mdogo wake. Baba akamkatiza, akamshika binti begani.

"Umefanya vizuri kusema," akamwambia. "Siku nyingine tena, sema hivyo hivyo."